Mabonde mawili ya kaboni katika spektra ya G191-B2B: lipi ni la nyota yenyewe?

Mtazama_Ayuki aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Ninasoma shahada ya uzamili ya fizikia, na mada niliyokubaliana na msimamizi wangu ni ufyonzaji wa mwanga wa urujuanimno katika angahewa za vibete vyeupe vyenye joto kali, yaani zile nyota ndogo zilizokwisha kumaliza fueli yake na sasa zinapoa taratibu kama kaa lililotolewa jikoni. Nyota niliyoanza nayo ni G191-B2B, iliyomo katika kundinyota la Hudhi, upande wa kaskazini wa nyota angavu ya Ayuki, umbali wa miakanuru ipatayo 170 kutoka kwetu. Haionekani kwa macho matupu, lakini kila ninapomwona Ayuki akiwa chini upande wa kaskazini huwa ninajua kwamba nyota yangu iko jirani naye. Nimeichagua kwa kuwa ni miongoni mwa vibete vyeupe vilivyopimwa mara nyingi zaidi, na darubini ya Hubble huitumia, pamoja na GD 71 na GD 153, kusawazishia vyombo vyake.

Nimepakua spektra yake, yaani mwanga wake uliopangwa kwa urefu wa mawimbi, bila malipo kutoka hifadhi ya data ya MAST iliyoko Baltimore, Marekani. Ni ile iliyochukuliwa kwa STIS, spektrografu iliyomo ndani ya Hubble, katika hali yenye uwezo mkubwa kuliko zote wa kutenganisha mawimbi yanayokaribiana. Nilichora kipande kidogo tu, kuanzia Angstromu (kipimo cha urefu wa wimbi) 1547.8 hadi 1548.8, mahali ambapo kaboni iliyopoteza elektroni 3 hufyonza mwanga. Nilitarajia kuona bonde moja, yaani mahali pamoja mwanga unapopungua kwa kufyonzwa, nami nikaona mawili yaliyoshikana mabega: kitako cha moja kiko karibu na 1548.32 na cha jingine karibu na 1548.25, kwa kukadiria kwa macho. Nilidhani ni kasoro ya data, nikachukua faili la siku nyingine, na mabonde yote mawili yakabaki pale pale.

Ninaomba msaada katika mambo ambayo kwangu yanakwenda pamoja. Je, mabonde haya yote ni ya angahewa ya nyota? Na ikiwa ni ya nyota, kaboni hiyo inakaaje juu, ilhali vitabu vinasema kwamba graviti ya kibete cheupe huzamisha kila kitu kizito na kuacha haidrojeni peke yake juu? Msimamizi wangu ameniambia nipime eneo la bonde kisha nikadirie kiasi cha kaboni kilichopo, lakini sijui ni bonde lipi nipime, na ninaogopa kuandika tasnifu nzima juu ya kaboni ambayo huenda haimo kabisa katika nyota ninayoisoma.

---

Karani_wa_Spektra alijibu:

Ndugu Mtazama_Ayuki, umefanya vyema kurudia kwa faili la pili kabla ya kuuliza, na hofu uliyoitaja mwishoni ndiyo hasa inayopaswa kuanza kazi ya namna hii. Niseme mapema kwamba mabonde yako ni ya kweli yote mawili, ila yanatoka mahali pawili tofauti.

Tufanye hesabu kidogo. Mstari wa kaboni unaouzungumzia, yaani urefu wa wimbi ambao kaboni huufyonza, ukipimwa kwenye maabara bila mwendo wowote, uko karibu na Angstromu 1548.20 katika ombwe. Hakikisha kila mara kwamba unalinganisha na urefu wa wimbi wa ombwe, si wa hewa. Kazi zilizochapishwa kuhusu G191-B2B zimepata kwamba mistari ya tabakanuru, yaani ya uso wa nyota unaotoa mwanga tunaoupokea, imesogezwa kuelekea nyekundu, yaani kwenye mawimbi marefu zaidi, kwa kasi ya kilomita 23.8 kwa sekunde. Gawanya 23.8 kwa kasi ya nuru, zidisha kwa 1548.20, utapata mhamo wa Angstromu 0.123, nawe ulisoma 1548.32. Hilo ndilo bonde la nyota. Bonde la pili, lililohama kwa takriban 0.045 tu, linakupa kasi isiyofika kilomita 9 kwa sekunde. Angahewa moja ya nyota moja haiwezi kuwa na kasi mbili zilizotulia namna hiyo, mwaka hadi mwaka.

Sehemu kubwa ya kilomita zile 23.8 si mwendo wa nyota angani. G191-B2B ina maada inayozidi kidogo nusu ya maada ya Jua, iliyoshindiliwa katika mpira ambao nusukipenyo chake ni takriban mara mbili tu ya kile cha Dunia. Mwanga unapopanda kutoka katika shimo la graviti kama hilo hupoteza nishati, na upotevu huo peke yake unatoa mhamo wa karibu kilomita 15 kwa sekunde. Kwa hiyo ukikuta mstari wowote katika spektra hii wenye kasi ya chini ya hapo, uushuku kwanza.

Sasa angalia jinsi chombo kinavyoamua mtu aone nini. Umbali kati ya mabonde yako ni takriban Angstromu 0.08. STIS katika hali uliyoitumia inatenganisha Angstromu 0.014 hivi kwenye urefu huu wa wimbi, na kila pikseli inachukua karibu nusu ya hapo, kwa hiyo kati ya kitako kimoja na kingine una pikseli zipatazo 11. Setilaiti ya IUE, iliyofanya kazi tangu 1978 hadi 1996 na ambayo ndiyo iliyofungua uwanja huu, haikuweza kushuka chini ya takriban Angstromu 0.13. Frederick Bruhweiler na Yoji Kondo waliripoti mistari ya kaboni, naitrojeni na silikoni katika nyota hii mwaka 1981 kwa kutumia IUE, na ilikuwa kazi kubwa, lakini kwa chombo hicho mabonde yako mawili yangekuwa bonde moja pana. Mtu akilipima lote na kulihesabu kuwa la nyota, atapata kaboni nyingi kuliko iliyopo. Ndiyo sababu namba za zamani za kiasi cha kaboni huwa ninazisoma kwa uangalifu, nikitazama kwanza zilipimwa kwa chombo gani.

Kuhusu swali lako la graviti, vitabu vyako havikukosea. Évry Schatzman wa Ufaransa alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba katika kibete cheupe elementi nzito huzama, na muda wa kuzama ni mfupi mno ukilinganishwa na umri wa nyota. Graviti kwenye uso wa G191-B2B inazidi ya Dunia mara zaidi ya 30,000. Lakini nyota hii ina joto la Kelvini 52,500 hivi, na kwa joto hilo kilele cha mwanga wake kiko karibu na Angstromu 550, mbali ndani ya urujuanimno uliokithiri. Mwanga huo hausafiri kutoka ndani kwenda nje bila kugusa kitu. Ioni, yaani atomu iliyopoteza elektroni, ya chuma au kaboni inapofyonza fotoni iliyokuwa ikitoka ndani, hupokea na msukumo wake wa kuelekea nje, na kwa kuwa ioni hizi zina mistari mingi hapo hapo ambapo mwanga ni mwingi zaidi, misukumo hiyo inajumlika hadi inashindana na graviti. Pierre Chayer, Gilles Fontaine na wenzao walikokotoa jambo hili kwa kina katika miaka ya 1990. Ufyonzaji unaoupima, kwa maana hiyo, ni alama ya kaboni kuwapo, na wakati huo huo ndio nguvu inayoishikilia kaboni hiyo isizame.

---

Upepo_wa_Kusi alijibu:

Nimefurahi kukuta mada hii. Naomba nichangie dogo kutoka upande wetu wa Malindi. Kituo cha anga cha Luigi Broglio, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970, ndicho kinachopokea data za setilaiti ya Swift, nayo Swift ina darubini ya urujuanimno yenye kioo cha sentimita 30 inayoanzia takriban Angstromu 1700. Je, data hizo haziwezi kumsaidia ndugu yetu, ukizingatia kwamba zinashukia hapa nyumbani?

---

Karani_wa_Spektra alijibu:

Ndugu Upepo_wa_Kusi, ahsante kwa kutukumbusha. Kwa mistari ya metali (wanaastronomia huita hivyo elementi nzito zote, hata kaboni na naitrojeni) hazitafaa: mistari anayoihitaji iko chini ya Angstromu 1600, na uwezo wa Swift wa kutenganisha mawimbi ni mdogo mno kwa bonde lenye upana wa sehemu ya kumi ya Angstromu. Kwa kazi ya kupima mwanga wa jumla wa nyota, mteremko wake kutoka buluu kwenda urujuanimno, Swift inafaa, na vibete vyeupe vyenyewe vilitumika kuisawazisha. Mtu anayetaka kujua joto la kibete ambacho Hubble haijawahi kukitazama anaweza kuanzia hapo.

---

Mizani_ya_Modeli alijibu:

Nakubaliana na Karani kuhusu kasi, lakini ninaomba kumzuia kidogo kuhusu msukumo wa mwanga, kwa sababu maelezo yake, ingawa ni sahihi, yanaweza kumfanya mwanafunzi aamini kwamba suala limekwisha.

Chukua HZ 43. Ni kibete cheupe chenye joto la takriban Kelvini 50,000, karibu sawa na nyota yako, na ndicho chanzo cha kwanza cha urujuanimno uliokithiri kilichoonekana nje ya mfumo wetu wa Jua, wakati wa safari ya Apollo na Soyuz mwezi Julai 1975. Angahewa yake inaonekana kuwa haidrojeni tupu. Graviti yake ni kubwa zaidi, na hilo linapunguza kile ambacho mwanga unaweza kukinyanyua, lakini kwa msukumo wa mwanga peke yake tungetarajia kuona angalau dalili za metali. Mwanga unaweza kushikilia kilichopo. Hauwezi kuumba kisichokuwapo. Swali la metali hizi zilitoka wapi linabaki wazi palepale. Martin Barstow wa Chuo Kikuu cha Leicester na wenzake walichapisha mwaka 2014 vipimo vya vibete vyeupe 89 vilivyotazamwa na setilaiti ya FUSE, vyenye joto la Kelvini 16,000 hadi 77,000, na wakatoa hoja kwamba elementi nzito katika vibete vyenye joto zinatoka nje ya nyota, yaani ni mabaki ya sayari na miamba inayoanguka juu yake. Kwa vibete vilivyopoa zaidi jambo hilo halina ubishi mkubwa tena: Detlev Koester, Boris Gänsicke na Jay Farihi walipima vibete 85 kwa Hubble na kukuta metali katika asilimia 56. Kwa zile zenye joto la nyota yako, mwanga na mwamba vinafanya kazi pamoja, na kuvitenganisha ndiyo kazi.

Jambo la pili ni lile agizo la msimamizi wako, la kupima eneo la bonde na kulipeleka moja kwa moja kwenye kiasi cha kaboni. Ninaliheshimu kama hatua ya kwanza ya kujifunza, lakini usiishie hapo. Mistari hiyo ya kaboni ni pacha: mmoja uko 1548.20 na mwenzake 1550.78. Wa kwanza una nguvu ya kufyonza mara mbili ya wa pili. Kama bonde ni jepesi, maeneo yao yatakuwa kwa uwiano wa 2 kwa 1. Bonde linapojaa, uwiano unashuka kuelekea 1 kwa 1, kwa kuwa kiini cha mstari hakina tena mwanga wa kufyonza, na kuongeza kaboni hakuongezi tena eneo kwa kiasi kile kile. Pima yote mawili kabla ya kuandika namba yoyote.

Halafu ipo angahewa yenyewe. Katika nyota baridi tunaweza kudhania kwamba kila tabaka liko katika usawa wa joto na chembe zake, kisha tukahesabu ioni ngapi ziko katika hali gani kwa kutumia joto la mahali hapo tu. Katika kibete cheupe chenye Kelvini 50,000 mnururisho unatoka mbali, unapita katika matabaka ya juu yenye msongamano mdogo, na unaondoa elektroni kwa kasi isiyolingana na migongano ya chembe za hapo. Ndiyo maana watu hutumia programu kama TLUSTY, ya Ivan Hubeny na Thierry Lanz, inayotatua mambo haya yote kwa pamoja. Chuma na nikeli peke yake zina mistari ambayo idadi yake inakwenda kwenye mamilioni, na hiyo mistari inabadilisha muundo mzima wa joto: inazuia mwanga kutoka, mwanga unarudi chini, tabaka la chini linapata joto zaidi na la juu linapoa.

Na bado modeli zetu hazijafika. Simon Preval na wenzake walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa mistari ya G191-B2B katika urujuanimno, wakahesabu mabonde 976 na kutambua asili ya 947 kati yake. Walipokokotoa kiasi cha chuma kwa kutumia chuma kilichopoteza elektroni 3 walipata chembe zipatazo 2 za chuma kwa kila milioni ya haidrojeni, na walipotumia chuma kilichopoteza elektroni 4 walipata 5. Ni chuma kile kile, katika nyota ile ile. Mimi huiona tofauti hiyo kuwa habari muhimu kuliko namba zenyewe, kwa sababu inatuonyesha mahali modeli inapochechemea.

---

Mtazama_Ayuki alijibu:

Karani na Mizani, nawashukuru sana, nimekaa na majibu yenu siku 3 nikifanya mliyoniagiza.

Nimepima mwenza wa 1550.78. Mabonde mawili yapo na huko pia, na kasi zake zinakubaliana na za 1548.20 ndani ya kilomita 1 kwa sekunde, moja karibu na 24 na jingine kati ya 8 na 9. Uwiano wa maeneo kwa bonde la nyota ni pungufu ya 2, kwa hiyo limeanza kujaa kama Mizani alivyotahadharisha, na ile namba ya kaboni niliyokuwa nimeiandika kwenye daftari nimeikata.

Kisha nikaenda kwenye pacha wa naitrojeni iliyopoteza elektroni 4, Angstromu 1238.82 na 1242.80. Hapo nimeona bonde moja tu kwa kila mstari, kwenye kasi ya nyota. Nimelitafuta la pili nikalikosa. Nimetazama pia silikoni iliyopoteza elektroni 1, karibu na 1260.42, nako nimekuta mabonde kwenye kasi za karibu 8.6 na 19.4, lakini si kwenye 23.8. Ninaona kwamba hali ya kila ioni ina kitu inachosema, ila bado sijaweza kukisoma. Kwa nini kaboni iwe na bonde la pili, naitrojeni isiwe nalo?

---

Tafakuri_Njema alijibu:

Samahani kuingilia kabla jibu halijaja. Nimesoma mahali kwamba nyota hii hii hutumiwa kupima iwapo namba thabiti ya alfa, ile inayotawala nguvu kati ya mwanga na elektroni, hubadilika karibu na graviti kubwa. Je, hiyo ni kazi ya mistari hii hii?

---

Mizani_ya_Modeli alijibu:

Ni kazi ya mistari ya chuma na nikeli, hasa ile ya ioni zilizopoteza elektroni 4. Julian Berengut na wenzake walichapisha kazi hiyo mwaka 2013. Mistari tofauti ya chuma ingehama kwa viwango tofauti kidogo iwapo alfa ingekuwa tofauti kwenye uso wa nyota, ilhali mhamo wa graviti huigusa yote kwa uwiano mmoja, kwa hiyo unatafuta kutopatana kati ya mistari baada ya kuondoa mhamo wa pamoja. Chuma na nikeli hazikukubaliana katika kazi ile, na lawama kubwa iliangukia vipimo vya maabara vya urefu wa mawimbi, vingine vikiwa vya miaka ya 1970. Tangu hapo watu wa NIST, taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, kule Maryland wamepima upya mistari ya chuma na nikeli ya ioni hizo. Ndugu Mtazama_Ayuki naye achukue tahadhari hiyo hiyo: kabla ya kusema mstari fulani umehama kwa kilomita 1, aangalie kama urefu wake wa maabara unajulikana kwa usahihi unaozidi hapo.

---

Karani_wa_Spektra alijibu:

Mtazama_Ayuki, umepima vizuri, na kutoliona bonde la pili la naitrojeni ni ugunduzi wenye uzito sawa na kuliona lile la kaboni. Liandike katika tasnifu pamoja na kikomo cha ukubwa ambao lingekuwa nao bila wewe kuliona.

Anza na silikoni. Silikoni iliyopoteza elektroni 1 tu haiwezi kudumu kwa wingi kwenye uso wenye Kelvini 52,500; huko ingepoteza nyingine mara moja. Kwa hiyo mabonde uliyoyaona karibu na 1260.42 ni ya gesi iliyotawanyika kati yetu na nyota. Lile la kilomita 19.4 ni la wingu la gesi ambalo Jua letu limo ndani yake au pembeni yake, na lile la 8.6 linahusishwa na wingu jingine linaloitwa wingu la Hyades, lililo mbali nasi zaidi katika mstari huo huo wa kutazama. Sasa rudi kwenye bonde lako la pili la kaboni: kasi yake inakaribiana na ya wingu hilo la pili, si ya lile la kwanza.

Tofauti kati ya kaboni na naitrojeni iko katika bei ya kuondoa elektroni. Ili kupata kaboni iliyopoteza elektroni 3 unahitaji fotoni yenye nishati ya elektronivolti 47.9, yaani mwanga mfupi kuliko Angstromu 259. Ili kupata naitrojeni iliyopoteza elektroni 4 unahitaji elektronivolti 77.5, sawa na mwanga mfupi kuliko Angstromu 160. Nyota hii inatoa fotoni za aina ya kwanza kwa kiasi cha kutosha kugeuza gesi iliyo karibu nayo. Za aina ya pili ni haba sana, na sehemu kubwa ya sababu ni chuma na nikeli zile zile alizozieleza Mizani: zinameza mwanga huo ndani ya angahewa kabla haujatoka. Hili lilionekana waziwazi setilaiti ya ROSAT ilipopima anga lote mwaka 1990 na 1991. Watu walitarajia kwamba vibete vyenye joto kali zaidi ndivyo vingeng'aa zaidi katika urujuanimno uliokithiri na eksirei, lakini vingi vya vile vinavyozidi Kelvini 50,000 vilionekana hafifu au havikuonekana kabisa. Metali zilikuwa zimefunga dirisha. Setilaiti ya EUVE, iliyorushwa mwaka 1992, ikaonyesha spektra ya G191-B2B ikiporomoka katika mawimbi mafupi, na ilichukua hadi mwaka 1996 kwa Lanz, Barstow, Hubeny na Holberg kutoa modeli inayolingana na mporomoko huo.

Kwa hiyo ndani ya uchunguzi wako mdogo wa mabonde haya una mnyororo mzima. Chuma kilichomo kwenye uso wa nyota kinaamua mwanga upi utoke, na mwanga uliotoka unaamua kaboni ya nje ya nyota iwe katika hali gani, na naitrojeni ya nje, kwa kukosa mwanga wake, inabaki katika hali za chini zisizofyonza kwenye 1238.82.

Kinachobaki ni mahali hasa gesi hiyo ya pili ilipo. Nathan Dickinson na wenzake walilichunguza mwaka 2012 kwa vibete kadhaa, na njia kuu zinazofikiriwa ni mbili: ama nyota inaangaza na kuondoa elektroni katika sehemu ya wingu iliyo karibu nayo, ama kuna maada inayoizunguka nyota yenyewe, labda mabaki ya miamba iliyosagwa au ya gesi iliyotupwa zamani. Kwa G191-B2B kufanana kwa kasi na wingu la Hyades kunanivuta upande wa njia ya kwanza. Hata hivyo nisingeandika hivyo bila kupima tofauti ya kasi kati ya kaboni na silikoni kwa uangalifu, kwa sababu kilomita nusu kwa sekunde inatosha kubadilisha hukumu, na STIS inaweza kukupa usahihi huo ukiunganisha faili zote ulizonazo badala ya moja moja.

Kwa tasnifu yako, ningekushauri ulitengenezee bonde la kaboni modeli yenye sehemu mbili zinazolinganishwa na data kwa wakati mmoja: sehemu ya nyota ichukuliwe kutoka TLUSTY, na kasi yake uifunge kwenye kasi ya naitrojeni, ambayo haina mchanganyiko, sehemu ya pili iwe wingu la kawaida lenye kasi, upana na wingi ulio huru. Pacha wote wawili, 1548.20 na 1550.78, walinganishwe kwa pamoja na wingi mmoja. Usikate bonde katikati kwa macho na kupima kila nusu, kwa sababu mabega yao yanaingiliana na kila nusu itabeba sehemu ya mwenzake.

Ukishaunganisha faili, weka hapa mchoro wa eneo la 1238 na wa eneo la 1548, vyote viwili vikiwa kwenye mhimili wa kasi badala ya urefu wa wimbi, kimoja juu ya kingine. Nitautazama pamoja nawe.